Maji ya Siku ya Kwanza

Kolwezi, siku ya Mungu, tarehe 16 mwezi ya tatu

Tata François,

Florentine alikufa. Siku ya pili, tarehe ine ya huu mwezi, saa tisa ya muchana, ku lopitalo. Tulimuzika siku ya ine. Nilikupigia telefone siku tatu, haikupita. Banasema réseau ya Dilolo ilianguka na mvua. Njo maana naandika. Mama Annie, ule mwenye kuuzishaka bilamba ku mupaka, anapanda gari kesho asubuhi. Atakupa hii barua mu mukono. Nilimuambia asipe mutu mwingine.

Sasa jambo yako ya salamu, shemeki. Jambo ya bibi yako na ya batoto. Natumaini muko bazima na ile kikohozi yako ya mwaka jana ilienda. Shi huku tuko. Mutoto yetu Mignonne anapika, anaenda masomo, analia saa ya kuosha basahani, juu ile kazi balikuwa banafanya bawili na mama yake. Mi niko muzima ya mwili.

Mi mwenyewe njo naandika. Unajua nilisoma paka mpaka mwaka ya tano, sikupita pale. Mignonne anaandika kunipita, alisema anisaidie, nilikatala. Haya mambo ni yangu, mukono nayo ikuwe yangu. Makosa utaona mingi, soma vile iko.

Dada yako alizikwa muzuri. Tata Lucien, baba yenu mudogo ya Dilala, njo alisimama pa fasi yenu. Aliona mwili, aliona sanduku, akaitika tuzike. Tulimuvalisha ile kitenge ya super wax ulimutumia juu ya ndoa ya ndugu yenu Gloire. Bamama ba chorale baliimba mpaka ku malalo, pa kaburi. Kisha Tata Lucien akanikalisha pa mukeka. Akasema niko mu kilio, nisishike mutu mukono, nisiende ku kazi, mpaka we utakuya kunisafisha na maji na kunitosha mu kilio, juu we njo mukubwa ya Florentine. Akasema mujane mwenye kusimama mbele ya kutoshwa, batu banasema alikuwa anangojea bibi afe. Niliitika. Ni vile tunafanyaka. Nilikaa siku kumi.

Leo nilisimama.

Juu ya nini nilisimama, njo nataka kukuelezea. Hapa mu nyumba kuko kaye moya ya kuandikia ya Florentine. Batu ba université banaiomba. Ukijua ile iko mule ndani, pengine hautataka tena kuniita shemeki. Soma mpaka mwisho, kisha kasirika.

Saa ulikuya huku, nilikuwa journalier. Kila asubuhi ku mulango ya kampuni, kuinua mukono, leo banakutwala, kesho banakuacha. Ni ile kampuni yenye inasafisha tena bulongo yenye mine ya zamani ilitupaka, batoshe shaba na cobalt yenye ilibakia. Kuko bassin, shimo kubwa ya matope. Maji ya ile bassin iko na acide. Inashuka mu kanale, kanale inaingia mu kamuto Kachimbe, na Kachimbe unaijua, inapita chini ya nyumba yetu, pale Florentine alilima mboga ya lenga-lenga na matembele ya kuuzisha ku soko ya Dilala.

Mwaka juzi, mwezi ya saba, batu ba université balitoka Lubumbashi. Mukubwa yabo ni mwanamuke, Madame Ndaya, professeur. Mufupi, na bottes ya mupira, anasema Swahili ya hapa, haiko ile ya radio. Akakalisha quartier yote mu lupango, mu kiwanja ya kanisa. Alisema mvua haiko tena ile ya wazee. Zamani ilianza mwezi ya kumi, ikaanguka kidogo kidogo. Sasa inachelewa, halafu inaanguka yote mara moya, sawa vile mutu anapindua bidon. Alisema inatoka ku moshi ya dunia muzima. Sasa kule Ulaya banatafuta motokari yenye haitoshe moshi, na ile motokari inaomba cobalt ya huku. Lakini ukuta ya bassin yetu balijenga juu ya mvua ya zamani. Mvua mupya ikianguka, bassin inajaa, banafungua, inashuka kwetu. Bo banapata hewa muzuri, shi tunapata ile maji. Alisema kurekebisha ile kitu iko na jina, justice ya environnement, na ku université kuko batu banasomea ile paka.

Florentine akasimama. Unamujua. Akauliza: basi bazungu bakiisha kupona kikohozi na bulongo yetu, shi tukianza kukohoa batatutumia nini, sirop? Batu bakacheka mpaka padri. Madame Ndaya naye akacheka. Halafu akasema ule mama njo anamutaka.

Alieleza kama université haiwezi kulala hapa kila siku, na kampuni ikijipima yenyewe haina maana. Maji inafaa ipimwe na mutu ya pale pale. Balimufundisha Florentine siku mbili. Balimupa chupa, kaye, na karatasi ndogo ndogo mu kisanduku. Unaingiza karatasi mu maji. Ikitoka nyekundu, kuko acide, unaandika tatu ao ine. Ikitoka rangi ya majani, maji ni muzuri, unaandika saba. Ikitoka bleu, ilipita kipimo. Kila siku ya kwanza ya juma, ile yenye inafuata siku ya Mungu, saa moya ya asubuhi, alishuka ku Kachimbe, akapima, akaandika, akajaza chupa. Taxi-moto ikabeba chupa mpaka ku gari ya Lubumbashi. Ilikuwa siku ya kwanza juu gari yenye iliitika kubeba chupa iliondoka siku ya kwanza. Hakukuwa maana ingine. Shika ile neno.

Mezi ya kwanza karatasi ilitoka nyekundu. Ine, ine, tano, ine. Jirani yetu Mama Tatiana akamupa jina, Professeur ya Matope. Alikuwa anamuita mbali, ku njia, mbele ya batu: Professeur, leo masomo iko? Florentine akajibu: iko, leta bidon yako na kichwa yako, nipime bote mbili. Balichekaka vile kila asubuhi. Lakini saa Madame Ndaya alimutumia karatasi moya na jina yake iliandikwa na machine, alinionesha mara tatu mu siku moya. Mu ile nyumba hakukuwa mutu mwenye jina yake ilishaandikwa na machine, paka ku karte ya électeur.

Mu mwezi ya kumi na moya mi nikapata kontra ya kazi. Ulisikia, nilikupigia telefone ile siku, tulifurahi. Hakuna tena kuinua mukono ku mulango. Nikapata karte ya lopitalo ya bibi na mutoto. Kapita yangu, mukubwa ya kazi, Séraphin, njo alisema jina yangu ku bureau. Bakaniweka ku chaux. Chaux ni ile poudre nyeupe ya kupaka ku ukuta. Unapasua mufuko, unamwanga mu kanale, inaua acide. Ni kazi ya mukono, inaunguza macho, lakini ni kazi ya kila mwezi.

Na kuanzia pale karatasi ya Florentine ikatoka majani. Siku moya ilitoka bleu. Akacheka, akasema Kachimbe imegeuka sabuni, tulete bilamba. Kisha ikarudi majani. Saba. Saba. Saba.

Mbele tulikuwa tunakunywa maji ya robinet ya kanisa, kule juu, na mustari ya batu kila asubuhi. Mu mwezi ya tatu ya mwaka jana Florentine akauliza juu ya nini aende mbali na karatasi ya université inasema saba hapa pa mulango. Akaanza kuteka mu Kachimbe, kwanza ya kupika, kisha ya kunywa. Nilimuambia aende ku robinet. Akauliza juu ya nini. Nikasema juu ya matope. Akasema matope inalala chini mu bidon, we kunywa ya juu. Sikusema tena. Bamama bengine bakaona Professeur anateka, nabo bakateka. Nyumba tano, kisha saba. Mama Tatiana njo alikuwa wa kwanza. Mi nilikunywa. Mignonne alikunywa.

Mwezi ya munane université ikarudi kuonesha kazi. Bakaweka picha ku ukuta ya kanisa na machine ya mwangaza. Mustari ya rangi ya majani, inalala sawa barabara, na chini yake jina: Maman Florentine, observatrice, ni kusema mwenye kupima. Mutu ya kampuni alikuya na shati nyeupe. Akasema hana neno ya kuongeza, mama ya hapa hapa njo alipima, maji ni muzuri, anamushukuru. Batu bakapiga makofi. Madame Ndaya aliangalia ile mustari muda murefu. Akauliza Florentine lenga-lenga iko namna gani. Florentine akasema majani inaungua pembeni, pengine ni jua. Madame akaandika. Bakamupa brevet, karatasi ya sifa, mu cadre. Iko ku ukuta, utaiona.

Mu mwezi ya kumi na moya miguu yake ikavimba. Kisha uso. Karte ya lopitalo ilifanya kazi, hawakutufukuza. Munganga alisema ni mafigo. Akamuuliza anakunywaka maji gani. Dada yako akajibu: maji yenye nilipima mi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale, na kofia ya Florentine mu mukono yangu.

Mwezi ya kwanza alirudi nyumbani. Akakataza Mignonne kuteka mu Kachimbe. Aende ku robinet, hata akichelewa masomo. Akashuka na fimbo mpaka kwa Mama Tatiana, akamuambia naye aache. Mama Tatiana akasema: Professeur, haiko we ulituambia saba? Leo tena asubuhi haukuandika saba? Florentine akasema mvua ni mingi, bangojee ipite. Bamama bakasema ugonjwa ilimuingia mu kichwa. Bakateka. Mpaka leo asubuhi balikuwa banateka.

Nilimuona akishuka ku kamuto na ile fimbo siku zenye haziko siku ya kwanza. Niliwaza anaenda kuangalia bustani yake. Nilitaka kuwaza vile.

Mwisho ya mwezi ya pili balimurudisha ku lopitalo. Siku tano kisha alikufa.

Madame Ndaya alikuya ku kilio na mwanafunzi yake moya, Glodie. Hakukalia kiti. Alikaa chini na bamama, akasaidia kuchambua majani ya sombe, na mikono yake haikuwa ya kucheza, alichambua sawa mutu ya mashamba. Saa ya kuaga, aliniomba kaye, polepole, akasema haina haraka, ni ya kumaliza kazi ya Maman. Nikasema nitaitafuta. Nilikuwa nakalia juu yake. Ilikuwa chini ya mukeka.

Usiku, hapana, ilikuwa muchana, batu balienda kula, nikaifungua. Mbele iko vile ilionekana ku ukuta ya kanisa. Siku ya kwanza, saba. Siku ya kwanza, saba. Nikaipindua. Kule nyuma, kuanzia karatasi ya mwisho, aliandika siku ingine. Siku ya tatu, ine. Siku ya posho, tatu. Siku ya pili, ine. Siku ya tano, tatu. Mara kumi na moya, tangu mwezi ya kwanza. Ku kila mustari alibandika ile karatasi yenyewe, nyekundu. Hakuandika juu ya nini. Hakuandika nani.

Tata François, alijua nani. Ni mi.

Mu ule mwezi ya kumi na moya, mbele ya kontra, kapita Séraphin aliniita pembeni. Haiko muzungu, haiko mutu mubaya ya mbali, ni mutu ya quartier, alibeba sanduku ya baba yangu. Akauliza kama bibi yangu njo ule anapimaka maji. Nikasema njo ye. Akacheka, akasema una bahati, bibi yangu ye anapimaka tu mifuko ya suruali yangu. Kisha akauliza anashukaka siku gani. Nikajibu: siku ya kwanza, saa moya. Akasema sawa. Juma yenye ilifuata nikapata kontra.

Kazi yangu ya chaux, shemeki, ni ya siku ya kwanza paka, siku ingine hapana. Inafaa tumwange kila siku, nilijua, na kapita alijua. Siku ya kwanza, saa kumi na moya ya asubuhi, kunaanza kuonekana, tunapasua mifuko ku kanale. Saa moya maji inafika chini ikiwa muzuri, Florentine anaingiza karatasi, anaandika saba. Saa ine ya asubuhi nguvu ya chaux ilishaisha. Siku ya pili mpaka siku ya Mungu naondoa matope na pelle, na maji inashuka vile iko. Ile siku ya bleu nilimwanga mifuko kumi, nilipitisha. Kapita alinitukana. Tukarudi ku sita.

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilisema siku na saa. Baada ya pale nilipasua mifuko. Kila siku ya kwanza, mwaka muzima na mezi tatu. Nilitoka nyumbani na bibi yangu alilala, nikarudi na aliandika saba. Akanionesha. Nikasema muzuri.

Ku brevet nilipiga makofi.

Namna alijua: kombinezo yangu, ile nguo ya kazi. Ye njo alikuwa anafua. Siku zote ilirudi na matope. Siku ya kwanza ilirudi nyeupe. Mutu mwenye Madame Ndaya alifundisha kuangalia rangi, ungefikiri hataiona ile?

Siku tatu mbele ya kufa, ku lopitalo, nilikuwa namupa chai na kijiko. Akaniuliza: siku ya kwanza, mifuko ngapi? Ile tu. Nilishika kijiko. Nikasema sita. Akasema sawa. Akafungua kinywa, nikaendelea na chai. Hakurudilia tena, na mi sikuongeza. Njo mazungumuzo yetu yote juu ya hii kitu.

Sisemi kama maji njo ilimuua. Munganga hakusema. Nimeuliza Madame Ndaya, naye akasema hawezi kusema, mafigo inaharibikaka na bitu mingi, na ye hasemake kitu hakupima. Mi nasema paka hii: kama haikukuwa mi, hangeikunywa. Alikuwa anaenda ku robinet. Alikuwa anaogopa ile kamuto sawa batu bote. Mi njo nilimufanya aiamini, na mukono yake mwenyewe njo iliandika. Na saa alijua, alinyamaza juu kontra isiishe na karte isiishe. Aliacha bamama bamuseme mwenda wazimu, jina yangu isitoke.

Jana, siku ya posho, nilimuita Madame Ndaya. Alikuwa angali Kolwezi. Nikamupa kaye. Nikamuambia yote, vile nakuandikia we. Glodie alikuwa anaandika, halafu akaacha kuandika, Madame akamuambia aendelee. Nilingojea anitukane. Alitosha lunettes ya macho, akaipangusa na kitenge yake. Akasema kosa yake nayo iko mule. Anafundisha batoto ba université kama mutu mwenye kupima hawezi kupima siku moya yenye kila mutu anajua, na ye mwenyewe alichagua siku ya kwanza, juu ya gari. Akasema lenga-lenga ilimuambia, na hakusikia. Nikamuambia gari haikupasua mifuko. Akasema ni kweli.

Akauliza kama atafiche jina yangu. Nikasema aandike chini ya jina ya Florentine, na herufi kubwa sawa yake. Kaye ya nyuma itasomwa pa lupango ya kanisa, siku ya posho inakuya, mbele ya quartier na mbele ya ule mutu ya shati nyeupe. Lakini Madame alisema kampuni itajibu kama ni karatasi ya mugonjwa, alikuwa anatetemeka, aliona vibaya. Inafaa chupa mbili. Moya ya kanale mbele ya kumwanga chaux, moya nyuma ya kumwanga, asubuhi moya, na mutu anaweza kusimama kusema: mi niliteka yote mbili. Mu quartier yote kuko mutu moya mwenye anafika ku ile kanale saa kumi na moya ya asubuhi. Alisema haniombe. Akaweka chupa pa meza. Akaenda.

Mignonne nilimuambia jana magaribi. Aliuliza kama mama alijua. Nikasema alijua. Akaingia mu chumba. Leo asubuhi aliniwekea chai, hakuniangalia.

Leo nyuma ya misa, nilisimama pa mulango ya kanisa, mi mwenye niko mu kilio, nikaambia bamama baache Kachimbe. Nikasema juu ya nini. Tata Lucien alikuwa pale, akageuka, akaenda zake, akasahau na kofia yake. Mama Tatiana alikuwa na bidon yake, alitoka kuteka. Akaniuliza: basi we, mutu ya chaux, batoto yangu balikunywa mezi ngapi? Nikahesabu mbele yake. Kumi na mbili. Akamwanga ile bidon yote pa miguu yangu. Akachukua njia ya robinet. Baingine bakamufuata.

Nilirudi na biatu bimejaa maji. Nikaanza kuandika.

Sasa unajua. Kunisafisha ni haki yenu, na kukatala ni haki yenu. Ukikuya, nyumba ni ile ile, Mignonne atakufungulia. Ukisema nilipe kwa kawaida ya ukoo, nitalipa. Ukisema Mignonne akuye kukaa kwenu Dilolo, muulize ye mwenyewe, ana miaka kumi na saba, sitamushika. Kuniita shemeki ao kutoniita, utaniambia we. Lakini kukungojea pa mukeka siwezi. Nikikungojea, siku ya kwanza moya inapita, na ingine, na kapita, mwenye angali anaogopa chupa ya université, atatafuta mutu mwingine ya kupasua mifuko, na ule hatateka chupa.

Ku ile chupa ya kwanza nilibandika mukanda ya karatasi, nikaandika tarehe. Ya pili vile vile. Mwandiko yangu ni mubaya, Florentine angecheka. Biko mu mufuko ya chakula, chini ya bukari. Kapita akibiona, ao habari ya leo ikimufikia mbele yangu, nitafukuzwa pale pale. Basi nitarudia kuinua mukono ku mulango ingine, nilianza vile. Karte ya lopitalo haina tena mutu ya kutunza, paka Mignonne, na ye nimemuombea kwa Madame Ndaya munganga amupime mafigo juma hii. Mama Tatiana na batoto yake nabo. Madame aliitika.

Jambo kwa bibi yako, kwa batoto, kwa muzee ya jirani yako mwenye tulikunywa naye munkoyo. Mungu abachunge kule ku mupaka. Karanga Mignonne alikutumia iko na Mama Annie. Kaburi iko ku mustari ya tatu ya malalo, pembeni ya ukuta, utaona musalaba ya chuma, nilipiga soudure mi mwenyewe.

Kesho ni siku ya kwanza. Narudia ku kazi.

Kabemba